Umehamia kamera isiyo na kioo? Usikimbilie kuuza lenzi zako za zamani

Mpiga picha wa harusi pale Mwanjelwa, Mbeya, akitaka kubadilisha kamera leo, kinachomuumiza kichwa zaidi ni lenzi. Ile 50mm, ile Tamron 24-70mm au Sigma 35mm aliyoidunduliza kwa misimu miwili ya sendofu na harusi, itaingia kwenye mashine mpya au ndiyo basi tena?

Jibu fupi: nyingi zinaingia, kwa kutumia adapta. Ila kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Ukiigundua tofauti hiyo wakati maharusi wanavishana pete, hakuna kurudia.

Iko hivi. Kamera za DSLR, zile zilizotawala kwa miaka mingi, zina kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kutazamia. Kioo hicho kinakula nafasi. Kwenye DSLR ya Canon, kutoka mdomo wa kamera, yaani pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye sensa inayopokea picha ni milimita 44. Kamera mpya, ambazo wengi wanaziita mirolesi, hazina kioo hicho. Canon walipoleta EOS R mwaka 2018, umbali huo ulishuka hadi milimita 20. Nikon nao mwaka huohuo wakaja na Z6 na Z7, wakashuka kutoka milimita 46.5 hadi 16.

Adapta ni kama bomba fupi linaloziba pengo hilo. Ile ya kawaida ya Canon haina lenzi yoyote ndani yake, ni uwazi mtupu na nyaya za kupitisha mawasiliano. Ndiyo maana ubora wa picha haushuki.

Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi mpya ya RF haifungi kwenye DSLR. Kwa studio ndogo hili lina uzito: kama bosi ana mirolesi na msaidizi bado anashika DSLR ya zamani, lenzi za EF ndizo zitakazotumika na wote wawili. Ukiziuza zote ili ununue RF, msaidizi anabaki mikono mitupu.

Canon na Nikon si sawa

Kwa watu wa Canon, mambo ni mepesi. Tangu lenzi za EF zianze mwaka 1987, mota ya fokasi inakaa ndani ya lenzi yenyewe. Weka adapta, fokasi inafanya kazi. Cha kuangalia ni lenzi za EF-S, zile za kamera zenye sensa ndogo. Ukiifunga kwenye mashine ya fulufremu, kamera inakata picha yenyewe. EOS RP yenye megapikseli 26 inabaki na kama 10 tu. Kwa picha za WhatsApp hakuna shida, ila kwa albamu kubwa au bango la mahafali ya Mkwawa pale Iringa, mteja anaweza kuliona pengo.

Nikon ndiko mtihani ulipo. Adapta yao ya FTZ haina mota. Lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P zinafokasi vizuri, lakini zile za AF au AF-D, ambazo zilikuwa zinazungushwa na mota ya ndani ya kamera, zinabaki za kufokasi kwa mkono. Waliowahi kushika D3200 au D5300 wanaijua hadithi hii, kwa sababu kamera zile nazo hazikuwa na mota. Anayeshtuka ni yule anayetoka kwenye D90 au D7000 na 50mm f/1.8D yake, akidhani kila kitu kitaendelea kama jana.

Na hizi za Sigma na Tamron?

Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Kampuni hizi huunda lenzi zao zikiigiza lugha ambayo kamera za Canon na Nikon zinazungumza. Kamera ikibadilika, lenzi inaweza kushindwa kuelewa. Baada ya kamera mpya za 2018 kutoka, Tamron walilazimika kutoa maboresho ya programu kwa baadhi ya lenzi zao. Lenzi zao za karibuni unaweza kuziboresha kwa kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta, lakini za zamani lazima zipelekwe kwa fundi wa kampuni. Kwa mtu wa Mafinga au Tukuyu, hiyo si safari ya mchana mmoja.

Lenzi ya zamani ya Sigma ikileta michirizi ya ajabu kwenye Canon, zima kwanza ile sehemu ya kurekebisha kasoro za lenzi kwenye menyu. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Kuna habari njema pia. Mirolesi inapima fokasi kwenye sensa yenyewe. Lenzi iliyokuwa inakosea kidogo kwenye DSLR, macho yakatoka na ukungu huku masikio yakiwa makali, mara nyingi inatulia ikihamia kwenye mashine mpya.

Kwa wanaopiga wanyama Ruaha kwa zile 150-600mm, fokasi ya kufuata ndege anayeruka inategemea sana adapta, hasa ukivuka kampuni, kwa mfano lenzi ya Canon kwenye Sony. Simba aliyelala hana shida.

Jaribu kabla ya kulipa

Kutoka Mbeya hadi Kariakoo ni zaidi ya kilometa 800, na Iringa nayo ni kama 500. Kurudisha adapta mbovu kunaweza kukugharimu zaidi ya adapta yenyewe. Kwa hiyo nenda na kamera yako na lenzi zako zote, au mtume mtu mwenye mashine kama yako.

Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali. Badilisha namba ya f, piga, angalia kama picha inabadilika. Piga picha 20 mfululizo. Rekodi video dakika chache ukiwa sehemu yenye mwanga hafifu kama ukumbini. Zima, washa tena. Ikiandika eroro hata mara moja, iache dukani. Halafu shika lenzi na uitikise taratibu: ikicheza, adapta hiyo haitafaa kubeba lenzi nzito.

Ukipita hapo, bado kuna kosa moja la kizembe: kusahau adapta nyumbani. Wanaochanganya lenzi za EF na RF kwenye kazi moja huona ni nafuu kununua adapta ya pili na kuiacha imefungwa kwenye lenzi wanayoitumia zaidi.