Mtoto Njiti na Hukumu ya Wiki (Sehemu ya Pili)

Baada ya kueleza, katika makala iliyotangulia, jinsi mapafu ya mtoto njiti yasivyokuwa tayari kupokea hewa, sasa yatupasa kuliendea lile ambalo madaktari wenyewe walikuwa wakilinong'ona: mtoto ambaye mashine yamkini itamwokoa, na yamkini itamrefushia mateso tu, hukumu yake ni ya nani? Mwaka 1973 Raymond Duff na A. G. M. Campbell, wa New Haven huko Marekani, walidhihirisha kwa maandishi kwamba katika vifo 299 vya wodi yao ya watoto wachanga mahututi, 43 vilifuata shauri la kuacha tiba, wazazi nao wakiwamo shaurini.

Uingereza, Baraza la Nuffield, la maadili ya tiba, likatoa mizani yake mwaka 2006. Asiyetimiza wiki 22 za mimba asihuishwe. Wa wiki 22 hadi 23 ahuishwe endapo tu wazazi, wakisha fahamishwa yote, wataomba. Wa 23 hadi 24, matakwa ya wazazi yatangulie. Na kuanzia hapo tiba iwe ndiyo ada. Baraza lilikataa katakata mtoto kuuawa kwa kusudi, walakini likasema kwamba kuiondoa mashine iliyokwisha kuwekwa na kutoiweka tangu awali, kwa insafu, ni mamoja. Nami naafiki, maana daktari anayechelea kuiondoa huenda akachelea hata kuijaribu.

Ila mizani ya wiki ina dosari. Wiki huhesabiwa tangu hedhi ya mwisho, na hata kipimo cha mawimbi ya sauti hukosea kwa siku kadhaa. Tena, siku yenyewe ni ipi? Kwa saa ya hospitali huanza usiku wa manane, na kwa wazee wetu wa pwani huanza jua lichwapo. Basi aliyezaliwa saa tatu ya usiku, naye ana wiki 22 na siku 6, kwa hesabu yetu amekwisha vuka mpaka.

Ndipo mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2019 ukaacha kuitazama wiki peke yake, ukatazama na uzito wa mtoto, na kwamba ni wa kike (nao hustahimili kuliko wa kiume), na kwamba ni pacha au la, na kama mama aliwahi kudungwa steroidi za kukomaza mapafu. Hatari ya kufa au kubaki na ulemavu mzito ikizidi 90 kwa mia, mtoto atulizwe na kupakatwa tu. Ikiwa kati ya 50 na 90, waulizwe wazazi. Na swali hilo aghalabu humfikia mama akiwa katika uchungu, jibu likitakiwa kabla mtoto hajatoka, kwa hiyo mwongozo wataka aulizwe mapema iwezekanavyo, kisha aulizwe tena kila hali igeukapo.

(Itaendelea)