Siku Mbili Ukingoni mwa Ziwa Jipe

Sisi watu wa pwani tukitaja mapumziko hutaja bahari. Lakini Januari hii, joto la kaskazi lilipozidi mjini, tuliipa bahari mgongo tukashika njia ya bara: kutoka Mombasa hadi Voi, kisha Taveta, na hatimaye Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Tulifuatana na mama wa nyumba yetu, binti yetu na wanawe wawili.

Mjukuu mkubwa, mwenye umri wa miaka tisa, alikuja na manati mfukoni. Baba yake yuko kazini Doha, mwaka wa pili sasa, na tangu aondoke, mtoto aliyekuwa msemaji amekuwa wa kujibu kwa neno moja moja. Mama yake alitaka kumpokonya manati ile. Tukamsihi amwache kwanza, kwani sisi wenyewe tulipokuwa chuoni tulitega ndege kwa ulimbo, na fimbo ya mwalimu haikutuachisha.

Jipe ni ziwa la maji matamu. Hulishwa na mto Lumi utokao Kilimanjaro, na ng'ambo yake imesimama milima ya Upare. Maji yake hutoka kwa mto Ruvu, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakateremka kwa mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kumbe bahari tuliyoikimbia, maji haya yalikuwa njiani kuielekea!

Jumamosi, baada ya Sala ya Alfajiri, mvuvi mmoja mwenyeji alituongoza. Alituonya tusikaribie maji, kwani mna viboko na mamba. Furukombe alilia juu ya mti mkavu. Mdiria alisimama hewani akipiga mbawa, kisha akajitosa. Ndege mweusi wa jamii ya koikoi alikunjua mbawa zake mfano wa mwavuli, akaingiza kichwa kivulini kuvizia samaki. Juu ya matete walipita mbayuwayu, ndege wa gramu 20 hivi, waliokuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Binti yetu akawatazama, akasema polepole, "Hawa nao wako ugenini."

Kisha, juu ya majani ya yungiyungi, tukamwona ndege wa rangi ya hudhurungi mwenye vidole virefu mno. Vidole hivyo hutawanya uzito wake asizame. Mvuvi akatueleza kwamba jike hutaga akaenda zake, na dume ndiye aatamiaye mayai na kulea makinda. Akiona hatari, huwakumbatia chini ya mbawa akatembea nao. Tulipoelekeza darubini, tulihesabu miguu minane: miwili yake, na sita myembamba iliyoning'inia.

Mjukuu aliishika darubini asiirudishe. Baada ya kitambo akauliza, "Babu, kwa nini baba hakunichukua?"

Hatukuwa na jibu la kitabuni. Tulimkumbuka Abu Umair, yule mtoto aliyefiwa na kidege chake, na jinsi Mtume wetu (S.A.W.), pamoja na mizigo ya umma mzima, alivyokuwa na wasaa wa kumuuliza habari zake. Hakuidharau huzuni ya mtoto. Basi tukaketi naye nyasini, tukamwambia kwamba baba yake naye anamlilia, na kwamba si aibu kusikitika. Hatukumhubiria.

Usiku ule alimpigia baba yake simu, akamsimulia habari za miguu minane mpaka salio likakatika. Asubuhi ya Jumapili alimkabidhi bibi yake manati amtunzie. Hakusema kwa nini, nasi hatukumuuliza.

Wazazi wenzetu, safari hii haihitaji mali nyingi. Darubini moja ilitutosha watano. Ondokeni alfajiri, punguzeni sauti, msiguse kiota wala kinda, na mpeni mtoto daftari aandike alichokiona. Ikiwa Jipe ni mbali, liko ghuba la Mida karibu na Watamu, na uko mdomo wa mto Sabaki kaskazini mwa Malindi. Kote huko ndege wageni hutua msimu huu. Mbayuwayu wataanza kurejea kwao mwezi wa Machi. Mjukuu wetu ameshaihesabu miezi iliyobaki hadi likizo ya baba yake, na ameiandika katika daftari lile lile la ndege.