Jiko la makaa: lipe hewa, na usilifungie ndani

Katika nyumba nyingi za Kisiwani, kuanzia Buxton na Majengo hadi Mji wa Kale, jiko la makaa bado ndilo tegemeo gesi inapokwisha, au panapotakiwa kupikwa maharagwe au pilau ya kupalia. Wengi hulalamika kuwa makaa huisha haraka na jiko halina moto. Mara nyingi tatizo ni hewa.

Jiko la udongo na bati tunalolitumia lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, likichukua mfano wa majiko ya Thailand. Hewa huingia kwa mlango wa chini, hupanda kupitia matundu ya udongo na kuwasha makaa. Udongo nao huzuia joto lisipotelee kwenye bati. Njia ya hewa ikiziba, moto hufifia.

Jinsi ya kupata moto mzuri

• Mwaga majivu kabla ya kuwasha, na uzibue matundu kwa kijiti au waya.
• Pepeta makaa. Chenga na vumbi huziba matundu. Vipande vikubwa vivunje vilingane.
• Weka makaa pakavu, juu ya mbao au matofali, hasa wakati wa mvua za masika. Makaa yenye unyevu hutumia joto lake kujikausha kwanza.
• Usijaze jiko hadi sufuria ikalie makaa. Acha nafasi ya hewa kupita.
• Acha mlango wazi wakati wa kuwasha na kuchemsha. Chakula kikishachemka, ufunge nusu na ufunike sufuria. Hapo ndipo makaa huokolewa.
• Upepo wa kusi au kaskazi ukiwa mkali, usielekeze mlango unakotoka. Makaa yatakwisha kabla chakula hakijaiva.
• Udongo ukipasuka, mafundi wa majiko huweza kubadilisha udongo peke yake, bila kununua jiko jipya.

Hatari isiyoonekana

Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, na watu hudhani ni salama. Sivyo. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Makaa yakikosa hewa ya kutosha, sumu hiyo huongezeka. Katika chumba kilichofungwa inaweza kumuua aliyelala bila yeye kushtuka.

Kwa hivyo, pikia nje au mahali penye hewa inayopita. Kwa wanaoishi kwenye ghorofa, dirisha moja lililo wazi kidogo halitoshi: fungua madirisha ya pande mbili pamoja na mlango. Usiingize jiko chumba cha kulala, hata kama makaa yanaonekana kuzimika na hata kama nje kunanyesha. Ukimaliza kupika, zima makaa kabisa nje kabla ya kulala. Yakipoa, yatafaa tena kesho.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Watu wawili au zaidi wakizipata pamoja karibu na jiko, tokeni nje mara moja. Aliyezimia mtoeni kwenye hewa safi, pigeni 999 au 112, kisha mfikisheni hospitali iliyo karibu. Asirudishwe kulala ndani kwa kudhani ni uchovu tu.