Jino la maziwa la mutoto: kuziba, kuacha ao kung'oa?

Mutoto wetu wa pili alikuwa na miaka saba wakati jino la nyuma lilimuamsha usiku. Wakati ule nilikuwa ningali nafanya kazi kwenye mgodi, na juma lile nilikuwa posti ya usiku. Mama yake alimusukutulisha maji ya chumvi, akamubeba mugongoni mpaka kukapambazuka. Niliporudi asubuhi, hata viatu sijavua, nikakata neno: "Ni jino ya maziwa tu. Bang'oe, ingine itaota."

Tukaenda dispanseri ya karibu. Hakuna aliyetuuliza kitu. Shindano moja, koleo, faranga kidogo, tukarudi nyumbani. Jino jipya tukalingoja mwaka muzima, halikuota. Munganga wa meno aliyemuangalia kisha ndiye alitufungua macho: "Baba, ile jino hayikukuwa ya maziwa. Ilikuwa ya ukubwa. Haitarudia tena."

Wazazi wengi wanaanguka mu shimo hilo, na sababu yake ni nyepesi. Mutoto akifika karibu miaka sita, meno manne makubwa yanaota nyuma kabisa, moja kila upande, juu na chini. Hayasukumi jino lolote. Hakuna kinachoanguka, hakuna damu, kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua kama jino la ukubwa limefika. Linapotoboka mwaka ao miaka miwili kisha, tunasema ni la maziwa. Lakini kuna namna ya kulijua, na haiombi makuta. Meno ya maziwa ni 20: kumi juu, kumi chini. Anzia katikati ya kinywa, uhesabu kwa kidole kwenda upande mumoja: la kwanza mpaka la tano yanaweza kuwa ya maziwa. La sita ni la ukubwa. Hesabu mbele ya kutoka nyumbani.

Sasa tuseme umehesabu, na ni la maziwa kweli. "Itaanguka yenyewe" ni neno la kweli, lakini munganga anauliza: lini? Meno ya mbele yanaanguka karibu miaka sita, saba. Yale ya nyuma, ambayo mutoto anatafunia bukari, yanakaa mpaka miaka kumi, hata kumi na mbili. Mutoto wa miaka mitatu mwenye tundu kwenye jino la nyuma ana karibu miaka minane ya kuishi nalo. Mwenye miaka kumi, jino likiwa linatikisika, hali yake ni ingine kabisa: kama haliumi na halina usaha, linaweza kuachwa lijiendee. Watoto wawili, tundu la namna moja, kazi mbili tofauti. Ndiyo maana munganga anauliza umri kwanza, kisha anatikisa jino kidogo kwa kidole.

Kisha anatafuta kujua kama jino lingali hai. Wachimbaji wataelewa mbio: jino lililooza linafanana na shimo ambalo mulango wake ni mudogo, lakini ndani watu wamechimba kulia na kushoto, na paa inangoja siku ya kuanguka. Ngozi ngumu ya jino la maziwa ni nyembamba kuliko ya jino la ukubwa, kwa hiyo ugonjwa unafika haraka kwenye nyama laini ya katikati, yenye damu na mushipa. Hapo macho ya munganga hayatoshi. Picha ya radio inasaidia, lakini si kila mahali iko. Kinachobaki ni majibu ya mama, sababu ni yeye alikuwa na mutoto usiku. Je, maumivu yanakuja wakati wa kula kitu cha sukari ao maji ya baridi, kisha yanapita? Mara nyingi mushipa ungali mzima. Yanaamsha mutoto yenyewe, bila kula kitu? Mushipa uko unakufa. Kuna kipele kwenye ufizi pembeni ya jino, kinachotoa usaha kisha kinafunga? Ndani kumekufa tayari, hata kama mutoto hasemi anaumwa. Basi kipele kisipoleta kilio, kisikufurahishe.

Majibu hayo ndiyo yanachagua matunzo. Doa jeupe karibu na ufizi, bila tundu, halitobolewi. Linapakwa dawa ya fluori, sukari inapunguzwa, na jino linaweza kujifunga tena.

Tundu likiwa limefunguka lakini mushipa ni muzima, kuna njia kazaa. Kuna dawa ya maji yenye feza (ile ya madini, si ile ya mufuko) pamoja na fluori. Munganga anapaka tone moja mu tundu, bila shindano na bila mashine. Mara nyingi ugonjwa unasimama, lakini mahali palipooza panakuwa peusi kama makaa. Kwenye jino la nyuma wazazi wanakubali. Kwenye meno ya mbele ya binti, mama anafikiri mara mbili, na ana haki. Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika dawa hiyo mwaka 2021 kwenye orodha yake ya dawa za lazima. Inapakwa tena kisha miezi fulani. Kwa hiyo munganga akiuliza "munakaa wapi?", si udadisi. Familia inayoishi kwenye machimbo ya mbali, ambako barabara inakatika wakati wa mvua, haichaguliwi matunzo sawasawa na familia ya mu muji.

Njia ya pili imezaliwa kwa jirani zetu. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, waganga wa meno walianza kukwangua uozo kwa vyuma vya mukono tu, kisha kuziba kwa simenti ya meno inayotoa fluori kidogo kidogo. Hakuna kelele ya mashine, hakuna kungoja umeme urudi. Kwa tundu la juu ya jino, pale pa kutafunia, inashika vizuri. Kwa tundu lililo katikati ya meno mawili, inatoka upesi.

Kwa hilo la katikati, kuna kofia ndogo ya chuma. Munganga anaweza kuifinya juu ya jino lote bila kutoboa na bila shindano, kama alivyofanya munganga Norna Hall kule Scotland. Wadudu wanafungiwa ndani. Chakula hakiwafikie tena, nao wanalala. Siku chache mutoto anasikia kama meno hayakutane sawasawa, kisha anazoea, na siku jino linaanguka, linaanguka na kofia yake. Kama wadudu wamefika kwenye mushipa lakini haujafa wote, munganga anaweza kutoa sehemu ya juu ya ile nyama laini, kuweka dawa, na kufunika vilevile.

Kati ya njia hizo, gani inashinda? Kule Uingereza walifuata watoto 1,144 wa miaka 3 mpaka 7, waliokuwa tayari na meno ya nyuma yaliyooza, na matokeo yakatolewa 2020. Kundi moja walitobolewa na kuzibwa kwa namna ya kawaida, la pili walifungiwa uozo ndani, la tatu walipewa kinga tu: mswaki, fluori, mashauri juu ya sukari. Katika kila kundi, karibu watoto 4 kwa 10 walipata maumivu ao usaha. Tofauti kubwa haikuonekana. Mimi nasoma hivi: kama tundu limekwisha kuwa, hakuna njia inayokuhakikishia amani. Chupa ya chai ya sukari ambayo mutoto analala nayo kinywani, bombo na sukre za kila siku, hizo zinaharibu mbele munganga hajafungua mulango wake. Mswaki wa jioni, wenye dawa ya fluori kiasi cha punje ya muchele kwa mutoto wa chini ya miaka mitatu, ushikwe na muzazi mwenyewe. Mutoto wa miaka minne hawezi kusafisha jino la nyuma. Anacheza tu na mswaki.

Kung'oa kuna mahali pake: jino lililokufa lenye usaha, ao lililobomoka mpaka hakuna pa kushikia kofia. Lakini jino la nyuma likitoka mapema, yale ya pembeni yanasogea, na la ukubwa likija linakuta kiti kimekamatwa. Uliza munganga kama kuna namna ya kulinda nafasi ile. Na usidanganyike na antibiotiki peke yake. Uvimbe unashuka, sababu inabaki ndani ya jino. Kwa maumivu, parasetamoli kwa uzito wa mutoto. Hapana aspirini, hapana maji ya batri wala mafuta ya taa mu tundu. Shavu likivimba na homa, jicho likianza kufunga, ao mutoto akishindwa kumeza, usingoje mwisho wa posti: ni hospitali saa ile ile.

Juu ya makuta, tuseme wazi. Wakati Gécamines ilikuwa na nguvu, mutoto wa mufanyakazi alipelekwa kwenye hospitali ya kampuni na baba hakuuliza bei. Leo wengi wako kwa makampuni madogo ya mukataba, na wachimbaji wa mukono hawana boni ya mutu. Sheria ya kazi ya 2002 inamudai mwajiri matunzo ya mufanyakazi pamoja na familia yake. Mwenye mukataba aende kwenye ofisi ya wafanyakazi na swali moja: "Meno ya batoto iko ndani ya boni?" Aulize mbele ya maumivu, sababu usiku wa maumivu kila mutu anakubali koleo.

Kijana wetu leo ana miaka kumi na tano. Jino lililokuwa nyuma ya lile pengo limeinama mbele, na bukari anatafunia upande ule mwingine. Dada yake mudogo alipotobokwa na jino la nyuma, tulihesabu kwanza: la tano. Miaka yake ilikuwa mitano. Munganga akamuwekea kofia ya chuma, dakika chache tu, bila shindano. Kila mugeni anayefika nyumbani, huyo binti anafungua kinywa na kusema: "Angalia jino yangu ya chuma."