Windows mpya, mashini inakataa kuzima: usikimbilie kuformata

Toka Microsoft ilipoacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 oktoba 2025, watu wengi, kuanzia wanafunzi mpaka wenye sekretaria publiki, wanapandisha mashini zao kwenda Windows 11. Hapo shida moja inajitokeza: unafinya «Arrêter», ekra inakuwa nyeusi, lakini taa ndogo bado iko inawaka na feni iko inazunguka. Asubuhi batri imekufa. Kwa mutu anayechaji kwa umeme wa jua ao kwa kulipa, hilo si jambo dogo.

Fundi mwingine atakuambia mara moja: tuformate. Ngoja kwanza. Kuformata bila kunakili faili kunakupotezea TFC, picha na hesabu za duka, na mara mingi shida iko kwenye alama moja tu ya kuondoa.

Alama hiyo inaitwa «démarrage rapide». Ilikuja na Windows 8, mwaka 2012. Ikiwa imewekwa, Windows haizimi kabisa. Inafunga programu zako, halafu inaandika sehemu yake ya ndani kwenye disk, katika faili hiberfil.sys, ili kesho iwake haraka. Ili kazi hiyo imalizike, kila kipande cha mashini kinapaswa kukubali kulala: waifai, ekra, vyote. Vipande vinaongozwa na programu ndogo ambazo mafundi wanaziita piloti. Baada ya kupandisha Windows, piloti ya zamani inaweza kukosa kusikilizana na Windows mpya, na mashini inabaki katikati: haijazima, haijawaka.

Kuhakikisha ni rahisi. Shikilia «Shift» kwenye klavie, halafu finya «Arrêter». Hapo Windows inazima kabisa, bila kupita njia ya haraka. Ikizima vizuri, umepata mwenye kosa. Basi fungua «Panneau de configuration», ingia «Options d'alimentation», halafu «Choisir l'action des boutons d'alimentation». Finya «Modifier des paramètres actuellement non disponibles», ondoa alama mbele ya «démarrage rapide», hifadhi. Kuwasha kutachelewa kidogo, basi.

Kuna wanaopita njia ya mukato na kuandika «powercfg /h off». Inafanya kazi, lakini kwetu si shauri nzuri: inaondoa pia «veille prolongée», ile inayoweza kuhifadhi kazi yako wakati umeme umekatika na batri iko inaisha. Ondoa alama tu, hiyo ingine uiache.

Kama hata na «Shift» mashini haizimi, tafuta piloti mpya kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza mashini (HP, Dell, Lenovo ao ingine), kwa kufuata jina kamili la modeli lililoandikwa chini yake. Kwenye mashini za Intel, anza na ile ya «Management Engine». Imeshasumbua wengi katika kuzima. Usichukue piloti kwenye kurasa zisizojulikana, ni mulango wa virusi.

Tofautisha pia shida hii na ile ya «Mettre à jour et arrêter». Kwa muda murefu, mashini zingine ziliposikia amri hiyo zilikuwa zinajiwasha tena badala ya kuzima. Lilikuwa kosa la Windows yenyewe, na Microsoft ilianza kulirekebisha mwishoni mwa oktoba 2025. Dawa yake ni kuweka mise à jour za karibuni.

Kufinya buto ya kuwasha kwa sekunde kumi kunazima kwa nguvu. Fanya hivyo ikibaki nyeusi muda murefu. Lakini ukiona maandishi kwamba mise à jour iko inaendelea, usiguse, hata saa mbili zipite kwenye disk ya zamani: ukikata katikati, Windows inaweza kukataa kuwaka kabisa. Ndiyo maana kazi hiyo inaanzwa batri ikiwa imejaa.

Na kama umechoka nayo, una siku 10 toka kupandisha za kurudi Windows 10, kupitia «Paramètres», «Système», «Récupération». Faili zako zinabaki, lakini zinakili kwanza kwenye flashi.