Transfoma Kavu na Haki Zake

Katika vyumba vya chini vya majengo marefu ya Dar es Salaam na Mombasa, na katika hospitali na viwanja vya ndege, aghalabu hukaa chombo ambacho wapitao hawakioni wala hawakijui, nacho ndicho kiupokeacho umeme wa volti 11,000 na kuushusha hadi 400 au 415, upate kufaa kwa taa na lifti. Chombo hicho ni transfoma kavu, na kimeruhusiwa kukaa ndani ya nyumba kwa sababu hakina mafuta, ilhali mafuta yapozayo transfoma za nguzoni huweza kushika moto, jambo lisilovumilika chini ya wodi wanamolala wagonjwa.

Ndani yake mna kiini cha mabamba membamba ya chuma, na juu yake zimezungushwa nyaya za umeme mkubwa na za umeme mdogo, zisizogusana. Na umeme ugeukao-geukao katika nyaya za kwanza huamsha umeme katika za pili kwa kanuni aliyoidhihirisha Michael Faraday huko London mwaka 1831. Katika kazi hiyo sehemu ya nguvu hupotea ikawa joto, na joto hilo halina wa kulichukua ila hewa ipitayo katika mianya ya nyaya. Hewa, basi, ndiyo mafuta yake.

Lakini kwa kuwa hamna mafuta ya kupima wala ya kubadilisha, wenye majengo wengi wameingiwa na itikadi kwamba transfoma hii haidai lolote, wakaifungia mlango, na baadhi yao wakakigeuza chumba chake kuwa ghala ya makatoni na rangi, jambo ambalo silioni kuwa na udhuru. Vumbi huingia pamoja na ile ile hewa ya kupoza, likatua katika mianya, hata mahali palipokuwa na upana wa vidole viwili pakabaki uwazi wa kupenya kisu. Joto likikosa njia hupanda, na wahandisi hukadiria kwamba lizidipo kiwango kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kinga ya nyaya, yaani kile kizifunikacho kikazuia umeme usitoke, hupungua kwa nusu. Pwani kwetu pana balaa ya pili: vumbi huchanganyika na chumvi ya bahari, na likipata unyevu wa masika huwa utando upitishao umeme, nao umeme hutambaa juu ya kinga na kuiachia michirizi myeusi kama mizizi, ambayo fundi akiiona hapaswi kuifuta na kunyamaza.

Matunzo hufanywa walau mara moja kwa mwaka, na penye vumbi jingi, mathalani kiwanda cha saruji, kila baada ya miezi michache. Kwanza umeme ukatwe pande zote mbili, maana jenereta ya jengo ikiwashwa ghafla huweza kuurudisha kutoka upande wa chini, nao ukapandishwa ukawa tena volti 11,000. Swichi zitiwe kufuli, ipimwe kwamba umeme haumo, na nyaya ziunganishwe na ardhi. Hapa nasisitiza, kwani macho hudanganya: nyaya zilizomiminiwa epoksi huonekana zimefunikwa kabisa, walakini uso wake si salama kuguswa maadamu transfoma i kazini.

Vumbi huondolewa kwa mashine ya kufyonza, kisha mianya hupulizwa kwa hewa kavu ya kombresa yenye nguvu ndogo. Maji yasikaribishwe, wala petroli. Ndipo bolti za viungio zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiasi alichoandika mtengenezaji. Kiungio kilicholegea hujulikana kwa shaba iliyogeuka rangi, na kamera ya joto hukifichua mapema zaidi, transfoma ingali imebeba mzigo. Hufuata mega, chombo kitiacho volti elfu kadhaa katika nyaya za umeme mkubwa ili kujua kinga inazuia kiasi gani. Namba moja peke yake haitoshi kuhukumu, seuze iliyochukuliwa siku ya mvua. Faida yake imo daftarini, ambamo kipimo cha leo huwekwa kando ya cha mwaka jana na cha mwaka juzi. Feni nazo zijaribiwe, pamoja na vipimajoto, kwa kuwa kinga ya daraja F huvumilia hadi nyuzi 155, na kabla ya hapo vyombo hivyo vyapaswa kuwasha feni, kisha kupiga kengele, na hatimaye kuukata umeme.

Liko jingine lisahauliwalo hata na mafundi hodari. Transfoma iliyo kazini hujikausha kwa joto lake yenyewe, bali iliyozimwa kwa majuma mengi, jengo likikarabatiwa wakati wa masika, hunywa unyevu. Hiyo isiwashwe vivi hivi: ikaushwe kwa hita au hewa ya moto, ipimwe kwa mega, na namba ikiwa bado iko chini ikaushwe tena, hata kama wenye jengo wanahimiza taa ziwake leo hii.