Nyundo na ndugu zake

Sanduku la fundi seremala limejaa majina ya wageni. Msumari umetoka kwa Waarabu, randa kwa Waajemi, spana kwa Waingereza. Nyundo ni mwenyeji. Mnyarwanda na Mrundi husema inyundo, Mganda ennyondo, Mkikuyu nyondo, na Mchewa wa Malawi nyundo kama sisi.

Lakini kufanana si ushahidi wa udugu. Neno laweza kusafiri na wachuuzi likaenea nchi nzima. Ndiyo maana wanaisimu, tangu Carl Meinhof alipochapisha utafiti wake wa sauti za Kibantu mwaka 1899, hutazama zaidi tofauti zinazojirudia kwa kanuni.

Chukua kazi ya nyundo ya mhunzi: kufua chuma. Mbemba wa Zambia husema fula, Mchewa sula. Sisi fua, bila l. Je, l hiyo imepotea kwa bahati tu? Tazama mvua: Mchewa huiita mvula, Mbemba imfula. Njaa yetu kwa Mchewa ni njala. Kiswahili kimeidondosha l katikati ya irabu mara nyingi mno, kwa hiyo fua na fula ni ndugu wa damu. Kwa kanuni nyingine za sauti, tura ya Kikuyu na cura ya Kinyarwanda, zenye maana hiyohiyo, nazo zinaingia katika ukoo huo. Kwangu, huu ni ushahidi mzito kama kigae chochote kinachochimbuliwa ardhini.

Hata hivyo, usikimbilie kusema kwamba Wabantu wa kwanza walijua chuma. Walianza kusambaa kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, ilhali Buhaya, Rwanda na Burundi uyeyushaji wa chuma ulishika kasi katika karne za mwisho kabla ya Kristo. Kitenzi cha kugonga kwa jiwe chaweza kabisa kupewa kazi mpya chuma kinapofika.

Na kilipofika, kilipewa heshima. Nchini Rwanda nyundo ilikuwa alama ya ufalme. Katika kaburi la mfalme Cyirima Rujugira wanaakiolojia walikuta nyundo za chuma.

Wahunzi wanapungua, na msamiati wao unakwenda nao. Kama kijijini kwenu yupo mzee aliyewahi kufua majembe, muulize anaiitaje mivukuto, koleo na fuawe kwa lugha yake ya nyumbani, kisha uandike.